Nyumba Iliyosimama Hewani Gasenyi

Sikulazimishi uamini. Désiré mwenyewe, niliyekuwa naye, siku hizi akiulizwa anasema hakumbuki, na mimi simlaumu. Lakini mimi nakumbuka. Haya yalinipata mimi, katika mwili wangu huu, hapa hapa Bujumbura, mchana, watu wakiwa kazini na maduka yakiwa wazi. Wallahi sijaongeza kitu. Kama nimefanya lolote, basi nimepunguza, maana yapo ambayo mke wangu hataki yasemwe mbele ya watoto.

Kazi yangu ni kupima mji. Si kama wale wapima viwanja wanaopiga vigingi na kugombana na majirani. Sisi tulikuwa tunatengeneza kitu ambacho wakubwa wa mradi walikiita kwa Kifaransa jumeau, yaani pacha. Pacha wa Bujumbura, anayekaa ndani ya kompyuta. Barabara zake zote, mitaro yake, paa za mabati, kuta, miti, hata ngazi za mlango wa duka la mtu. Kwa nini? Kwa sababu ziwa limepanda miaka hii, na mito inayoshuka kutoka milimani inakula kingo zake kila masika. Ukiwa na pacha, unaweza kumfanyia yale usiyoweza kuufanyia mji wenyewe. Unammwagia mvua ya uongo uone maji yatapita wapi na nani atakwenda nayo. Nyumba iliyo salama inageuka kijani. Iliyo hatarini inageuka nyekundu, na mwenye nyekundu anaambiwa ahame.

Désiré alikuwa anarusha droni, inapiga picha kutoka juu. Mimi nilitembea kwa miguu, begi la leza mgongoni, kichwa chake kikizunguka juu ya kichwa changu. Ile leza inatupa mwanga, mwanga unagonga kitu, unarudi, na mashine inaweka nukta pale pale ulipogonga. Nukta zikijaa, unaona ukuta, unaona mlango, unaona jiwe. Pasipo na kitu cha kugonga, hakuna nukta. Tafadhali lishike hilo, maana mashine haina macho ya kudanganywa wala moyo wa kuogopa. Ndivyo nilivyoamini.

Basi tulifika Gasenyi, upande ule wa korongo. Kama unapajua, unajua jinsi ardhi inavyokatika ghafla: unatembea kwenye njia ya kawaida, migomba huku na huku, halafu mbele yako hakuna kitu, chini kabisa kuna maji ya matope na mawe. Nyumba ya mwisho kabla ya korongo ilikuwa ya Mama Gloriose, mjane anayeuza makaa. Iliyopakana nayo ilikuwa ya mwalimu Evariste, mzee mstaafu, mpole sana, ambaye alitutolea viti na maji ya kunywa na kutuuliza maswali mengi ya busara kuhusu mashine zetu. Alitaka kujua kitu kimoja tu hasa: nyumba yake itageuka rangi gani? Désiré akachukua namba yake ya simu, akamwahidi kumwambia matokeo yakitoka.

Tulipomaliza kwa mwalimu, nikaenda kupima ukingo wenyewe. Hapo ndipo nilipomkuta yule mama.

Alikuwa amesimama mwisho kabisa wa ardhi, mgongo wake ukielekea korongo. Alikuwa amevaa imvutano, ile nguo ya bega moja ambayo wanawake wetu huvaa kwenye sherehe, rangi ya dhahabu, asubuhi ya siku ya kazi. Nikajua anatoka kwenye jambo la watu. Nikamsalimu kwa Kirundi. Hakuitikia. Nikamsalimu kwa Kiswahili. Hakuitikia vile vile. Wewe unajua kwetu: mtu anaweza kukuchukia, lakini salamu ataitikia. Huyu alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuibia.

Halafu akasema, "Munapima nini?"

"Nyumba, mama. Nyumba zote za mtaa."

"Zote?"

"Zote."

"Na yangu?"

Nikamwambia hata yake, bila shaka, iko wapi? Akanyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka. Nyuma yake, ndugu yangu, kulikuwa na hewa. Hewa, na ng'ambo ya korongo migomba ya watu wengine.

"Ni hii," akasema. "Ipime muzuri. Usisahau ukuta ya nyuma."

Nilifikiri ana shida ya akili. Ungefikiri nini wewe? Sikutaka kubishana naye pale ukingoni, mtu wa namna hiyo akikasirika anaweza kujitupa. Nikasema sawa mama, nikageuza leza, nikasimama pale mpaka ikazunguka vya kutosha, nikamshukuru. Nilipoondoka niliona pindo la nguo yake limelowa matope mabichi mpaka magotini. Hakukuwa na mvua wiki ile. Nilipogeuka tena, hakuwepo. Nikajiambia ameshuka kwa njia nyingine. Njia gani? Sikujiuliza.

Ofisi yetu ilikuwa mjini, karibu na bandari, ghorofani, unasikia makreni yakipakua mizigo. Jioni ile nikaunganisha vipimo vya siku. Gasenyi ikainuka kwenye kioo cha kompyuta kama kawaida: njia, migomba, kwa Mama Gloriose, kwa mwalimu Evariste. Na mbele yao, pale kwenye hewa, nyumba.

Nilidhani nimekosea faili. Nikafunga, nikafungua. Nyumba. Kubwa, ya vyumba vingi, baraza mbele, paa la mabati, na nyuma yake ukuta mnene wa mawe ulioshuka kuzuia ardhi. Nukta zilikuwa zimejaa kuliko nyumba nyingine yoyote ya mtaa. Ungeweza kuona viti vimepangwa barazani.

Nikamwita Désiré. Akacheka, akasema mashine yangu imelewa. Akaleta picha zake za droni za saa ile ile, mahali pale pale. Kwenye picha zake kulikuwa na korongo tupu, na mimi peke yangu nimesimama ukingoni na begi langu. Peke yangu. Yule mama hakuwemo. Désiré akaacha kucheka.

"Futa," akaniambia. "Ni uchafu tu. Futa."

Nikaifuta. Nikaanza kuunganisha upya. Ilipomaliza, nyumba ilikuwa pale, na mlango ambao mwanzo ulikuwa umefungwa sasa ulikuwa wazi.

Mkuu wetu, Madame Régine, alikuwa ameshaondoka, akatuachia ujumbe kwamba matokeo ya Gasenyi yanatakiwa haraka kwa sababu masika yamekaribia. Tukamwaga mvua ya uongo hivyo hivyo, tuone. Maji yalishuka kutoka mlimani, yakajaza korongo, yakafika kwenye ule ukuta wa mawe, yakageuka, yakaenda zake. Kwa Gloriose, kijani. Kwa mwalimu, kijani. Safu yote ya nyumba za nyuma, kijani, kama shamba la mpunga.

Unaelewa maana yake? Ukuta usiokuwepo ulikuwa unawalinda watu waliokuwepo. Ndani ya kompyuta.

Asubuhi Désiré hakuja kazini. Akanipigia simu, sauti nzito, ana homa. Na kabla ya kukata akasema, "Halafu nilimupigia muzee Evariste jana. Nilimwambia ni kijani. Alifurahi sana, aliniombea baraka."

"Désiré, kwa nini? Umeona mwenyewe ile nyumba haipo!"

Hapo akasema kitu ambacho mpaka leo sijui nikiweke wapi. Akasema, "Kuna mama mumoja alikuja apa kwangu kuniambia nipige."

Madame Régine nilimweleza nusu tu, kwamba vipimo vina kasoro. Ni mwanamke mwenye akili, hakunipigia kelele. Akasema nirudi nikapime upya ukingo ule, jioni nimletee jibu. Nikapanda pikipiki peke yangu mpaka Gasenyi. Jua kali. Milima iko wazi kabisa. Nakwambia hayo ili ujue si giza lililonitisha.

Nilianzia kwa Mama Gloriose. Nilimkuta uani anajaza makaa kwenye makopo. Nikamuuliza, mbele hapa, kwenye korongo, paliwahi kuwa na nyumba?

Kopo likamponyoka. "Nani alikuambia?"

"Mama mmoja. Amevaa imvutano ya dhahabu."

Alinivuta ndani kwa shati, akafunga mlango mchana ule wa jua. Akakaa chini kwenye magunia yake, mikono yote kichwani. Kisha akanisimulia, sauti ya chini, kama mtu anayesemea kanisani.

Nyumba ilikuwa ya Mama Consolate. Tajiri wa mtaa, mfanyabiashara wa vitenge, mkali, lakini mkono wazi. Siku ya dote, yaani mahari, ya binti yake aliualika mtaa mzima. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo, ukuta wa nyuma ulishaanza kupasuka, watu wakamshauri aahirishe. Akasema wageni wa bwana harusi wako njiani, na ukuta huo aliujenga yeye. Watu wakala, wakanywa. Mchana mvua ikarudi kwa nguvu, sakafu ikalia. Majirani wakakimbia. Wote waliokuwa barazani, waliokuwa wanajua njia, wakakimbia. Ndani wakabaki Mama Consolate, binti yake na wageni wa mbali waliokuwa hawaelewi kinachotokea.

"Alituita," Gloriose akasema. "Mi nilisikia. Aliita jina yangu. Mwalimu naye aliitwa. Tulikuwa apa, kwenye mlango huu, tunaangalia. Nani angerudi? We ungerudi?"

Nilitazama ule mlango alioufunga.

"Nyumba ikaenda yote. Mara moja, kama mutu anavuta kitambaa kwenye meza. Kutoka siku ile, mvua ikinyesha, anaita. Mi naweka pamba kwenye masikio."

Nilitoka nikiwa na haraka ya kupima na kuondoka. Niliwasha leza, nikaanza kuufuata ukingo kutoka upande wa juu. Na sijui lile wingu lilitoka wapi. Milima ilikuwa wazi, nimekwambia. Mara ikafungwa, upepo ukaja na harufu ya udongo, na mvua ikaanguka yote kwa pamoja. Sikuona hata viatu vyangu. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni mashine, maana ikilowa ni balaa. Nikaliinamia begi, nikakimbilia kwenye paa la karibu nililoliona. Nilidhani ni kwa mwalimu Evariste. Niliona baraza, niliona viti, nikasikia mvua inavyopiga mabati, mlango uko wazi, na sauti ikasema, "Ingia, utalowa."

Nikaingia.

Kulikuwa na baridi ya ndani ya kisima. Chumba kikubwa, kimejaa watu waliokaa kwenye mabenchi, wote wamenipa mgongo, wamezunguka mtungi wa bia ya mtama, mirija mirefu midomoni. Nikatoa salamu. Hakuna aliyegeuka. Nguo zao za sherehe zilikuwa zimewaganda mwilini. Nikasikia miguu yangu imelowa, nikatazama chini: maji ya matope yalikuwa yanapita chumbani, yanafika kwenye vifundo, na hakuna hata mmoja wao aliyeinua mguu.

Mbele ya chumba, karibu na msichana aliyefunikwa uso, kulikuwa na viti viwili vitupu vimefunikwa vitambaa vyeupe.

Mama Consolate alitoka nyuma ya mlango. Sasa niliuona uso wake vizuri. Usiniulize ulivyokuwa. Midomo ilipofunguka, meno yalikuwa na udongo katikati, kama ya mtu aliyekula ardhi.

"Umeona viti?" akaniuliza. "Iyi ni ya Gloriose. Iyi ni ya mwalimu. Chakula yangu walikula. Bia yangu walikunywa. Sherehe haijaisha, na wao walienda bila kuaga. Ni adabu iyo?"

Nilijaribu kusoma Ayatul Kursi. Ninaijua tangu utotoni, mtaa wote wa Buyenzi nilikolelewa unaijua. Ulimi ulikataa kama umeshonwa. Nilichoweza kusema ni, "Mama, walikuwa na hofu."

"Na mi sikukuwa na hofu?"

"Ukingo unakwenda kuanguka tena. Wakibaki watakufa."

"Ndiyo maana nilikuambia upime." Akacheka. Wale wa kwenye mabenchi nao wakacheka, bado wamenipa mgongo, na mirija ikatoa mapovu. "Ile mashini yako watu wanaiamini. Mi niliita miaka yote, hawakuja. Sasa mashini itawaambia wabaki, na watabaki. Nyumba yangu iko kijani. Kila mutu iko kijani."

"Na mimi?" Sijui kwa nini niliuliza.

Akanitazama kwa dharau, kama unavyomtazama fundi aliyemaliza kazi na bado hajaondoka. "We hauna kiti apa. We ni wa kusimamisha nyumba tu."

Nikasema nitaifuta. Sikujua kama nina ujasiri huo mpaka maneno yalipotoka. Nikamwambia nitaifuta nyumba yako, nitafuta hata vipimo vya siku ile nilipokuona, kusibaki hata nukta moja.

Alinishika mkono, hapa, juu ya saa. Vidole vilikuwa kama chuma kilicholala mtoni. Akasogeza mdomo kwenye sikio langu na kusema, "We ukifuta yangu, na mi nitafuta yako."

Hapo nikasikia sauti ya nje, sauti ya mtu mzima, inapasuka kwa kelele. "We mwenye mashini! Rudi! Rudi nyuma, usikanyage mbele!" Ilikuwa sauti ya Mama Gloriose. Na hapo hapo chumba kikatoka. Sina neno lingine. Kikatoka, na mvua ikanigonga usoni, nikajiona nimesimama juu ya kipande cha udongo kilichochomoza kwenye korongo, chembamba, chini yangu maji yananguruma. Hatua moja zaidi nisingekuwa nakusimulia. Gloriose alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, ananitupia gunia tupu la makaa. Nililishika, nikatambaa kwa tumbo, akanivuta. Yule mwanamke aliyekuwa na pamba masikioni ndiye aliyetoka kwenye mvua kunifuata. Mara hii alirudi.

Sikubadilisha hata nguo. Nilifika ofisini nikiwa matope mwili mzima, Madame Régine akasimama, akanipisha kwenye kompyuta. Nikavifuta vipimo vyote vya siku ile ya kwanza Gasenyi, na nakala zake, na nakala za nakala. Nikaweka vipya nilivyochukua kabla ya mvua, pamoja na picha za Désiré. Korongo likarudi kuwa korongo. Tukamwaga mvua ya uongo. Safu yote ikawa nyekundu, kuanzia kwa Gloriose mpaka barabarani.

Kesho yake watu wa mtaa wakaambiwa wahame. Gloriose aliondoka siku hiyo hiyo na magunia yake, akaenda kwa dada yake. Wengine wakamfuata, wakilalamika, wakitukana, lakini wakaenda. Mwalimu Evariste alikataa. Nilikwenda mwenyewe kumsihi. Alinipokea kwa upole ule ule, maji ya kunywa, kiti.

"Mwanangu," akaniambia, "mwenzako alinipigia simu, akaniambia mashine imesema kijani. Leo mashine imesema nyekundu. Kesho itasema nini? Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Hesabu haina majibu mawili."

"Mwalimu, ile ya kwanza ilikuwa nyumba ya Mama Consolate. Ilijiweka yenyewe."

Uso wake ukabadilika nilipolitaja jina lile. Akatazama upande wa korongo kwa muda mrefu. Nilidhani amekubali. Kisha akasema taratibu, "Basi acha nibaki. Nilishakimbia mara moja."

Nilimlilia, wallahi, mtu mzima nilimlilia. Akanisindikiza mpaka njiani na kunishika mkono.

Ukingo ulianguka kabla ya wiki kwisha. Zilikwenda nyumba zote za safu ile, zote tupu isipokuwa ya mwalimu. Waliomtafuta mwalimu chini walimpata amekaa, hakulala kama watu wanavyolala wakichukuliwa na maji. Amekaa, mikono magotini, kama mtu aliye shereheni. Désiré alipoambiwa aliweka droni yake mezani, akashuka ngazi, hakurudi tena kazini. Nimesikia anauza vifaa vya simu mjini. Tukikutana tunasalimiana, basi.

Ungependa niishie hapo, siyo? Hata mimi.

Masika yalipopita, tulipima mji upya, sehemu zote, ili pacha alingane na mji jinsi ulivyobaki. Kinama walipangiwa wenzangu, kwa sababu mimi nakaa kule. Nilikuwa nimejenga kidogo kidogo kwa miaka, matofali ya kuchoma, vyumba vya watoto, uzio wa bati. Ardhi ya Kinama pale kwangu ni tambarare kama meza. Mto uko mbali. Hakuna korongo.

Mwenzangu aliyeunganisha vipimo aliniita, uso wake hauna raha. "Hapa si kwako?"

Nikatazama. Mtaa wetu wote ulikuwepo. Duka la jirani, mti wa parachichi wa ng'ambo ya njia, msikiti mdogo wa kona. Nyumba zote kijani. Na katikati yao, pale ninapolala mimi na mke wangu na watoto wangu, shimo. Halikuwa doa la mashine. Lilikuwa shimo lenye kingo, lenye udongo uliokatika, lenye mawe chini.

Wakapima tena. Shimo. Wakaleta mashine nyingine, mtu mwingine. Shimo, na pana zaidi. Mtu aliyeibeba ile leza alikuwa amesimama uani kwangu, ameegemea ukuta wangu, mke wangu amempa chai. Kwenye kompyuta alikuwa amesimama hewani.

Ndipo nilipoyakumbuka maneno ya Mama Consolate. Nitafuta yako. Mpaka leo sijui kama alimaanisha ataifuta au ataitafuta, maana kwa kunong'onwa, nitafuta na nitatafuta karibu ni neno moja. Lakini vyote viwili aliviweza.

Tulihama usiku uliofuata. Mke wangu hakuuliza swali. Alikuwa ameshaanza kufunga vitu kabla sijafungua mdomo, na nilipomuuliza kwa nini, alisema kwamba mchana alikuja mama mmoja aliyevaa imvutano ya dhahabu, akasimama mlangoni bila kuitikia salamu, akahesabu vyumba kwa kidole na kuondoka. Tangu hapo tumepanga Buyenzi, vyumba viwili, watoto wanalala kama samaki kwenye kopo. Nyumba yangu ya Kinama iko vile vile, haina ufa hata mmoja. Nimekataa kuipangisha. Ndugu zangu wananiona mwendawazimu. Jirani yangu, mtu mwema, amehamishia kuku wake uani kwangu, na sasa anataka kuweka kitanda cha mdogo wake chumba cha mbele. Nimempigia simu mara nyingi kumkataza. Ananijibu kwa kicheko kwamba ameona ramani kwa wakubwa wa mtaa, na kwake ni kijani.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, chukua hili. Wakija kwako watu wenye mashine za kupima mji, wapokee, wape maji, kazi yao ina faida, watu wengi wako hai kwa sababu yake. Lakini toka nje utembee nao. Waonyeshe kwa mdomo wako palipo na kitu na pasipo na kitu, na palipoanguka nini, na walikuwa kina nani. Na wewe mwenye mashine, ukimkuta mtu amesimama mahali ambapo ardhi imekwisha, hajibu salamu, anakuomba upime nyumba yake, zima mashine. Usimwambie sawa. Usimwambie hata pole. Geuka uondoke bila kukimbia. Na ukiwa Kinama, ukiona nyumba nzuri ya matofali, tupu, na kuku wanaopenya chini ya uzio wa bati, tafadhali waite hao kuku watoke, lakini usiingie kuwafuata.